Kambare wa Kichwa Chini

Jumanne, tarehe 14 Novemba 1989. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha ikiwa imechanganyika na chembe za barafu, upepo ukitoka kaskazini, na pembezoni mwa ziwa maji yalikuwa yameanza kushika utando mwembamba kama wa uji uliopoa. Katika pande zetu hizi za Minnesota, siku kama hiyo mtu hatoki nje ila kwa sababu ya nyavu. Orville Drift alikuwa ameshatoka na mtumbwi tangu alfajiri. Mkewe, Delphine, alikuwa jikoni akipasua samaki weupe wa jana juu ya gazeti, na shangazi yake Orville, Bi Josette, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni akimkosoa.

"Unaacha nyama nyingi kwenye mfupa."

"Ni ya paka, shangazi."

"Basi paka huyo ana bahati kuliko mimi."

Mbwa akabweka. Delphine alifungua mlango akiwa na kisu mkononi. Nje alisimama mwanamume wa makamo, koti lake jembamba limelowa mabegani, mkononi ana mfuko wa nailoni. Uso wake ulikuwa uso wa hapa hapa, lakini alisimama kama mtu wa mbali: alibisha hodi, akangoja kukaribishwa. Watu wa hapa huingia tu.

"Boozhoo," alisema, kama mtu anayesoma salamu hiyo kwenye karatasi. "Naitwa Douglas Pruitt. Mimi ni wa Kambare. Pale kituo cha mafuta wameniambia hii ndiyo nyumba ya Kambare."

"Kambare ni mume wangu," Delphine alisema. "Mimi ni Dubu. Yeye hayupo."

"Naweza kumngoja hapa nje."

Kutoka ndani sauti ya Bi Josette ikauliza, "Nani huyo?"

"Mtu anasema ni Kambare."

"Sasa mbona yuko nje?"

Delphine akasogea, akampisha. Kwetu sisi wenyeji wa asili wa Amerika, ukoo hufuata baba, na kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Bi Josette alikuwa amezaliwa Kambare, akaolewa na Korongo, akazaa Makorongo sita, lakini yeye mwenyewe alibaki Kambare. Utotoni aliona baba yake akiwalaza sakafuni Makambare waliotoka ng'ambo ya mpaka, watu waliojua neno hilo moja tu la kusema mlangoni. Kwake haikuwa habari ya kujadiliwa.

Mgeni alikula samaki vipande vitatu, wali wa mpunga-mwitu wa ziwani sahani mbili, na mkate wa kukaanga. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alipomaliza alisimama akaichukua sahani yake, akaenda kwenye beseni, akakunja mkono wa shati ili aioshe.

Ndani ya mkono wake wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, palikuwa na tatuu ya kambare, wino umeshafifia ukawa wa bluu. Ilikuwa imechorwa vizuri, na ndevu zake zote. Mkono ulipokuwa umening'inia, kichwa cha kambare kilitazama chini, mkia juu.

"Delphine," Bi Josette alisema, "zima redio."

Delphine akaizima. Yeye pia alikuwa ameona.

"Mwanangu, nani alikuchora hiyo?"

"Kijana mmoja wa bandarini, nilipokuwa jeshini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja." Douglas alitazama mkono wake, kisha akawatazama wao. "Kuna ubaya?"

"Alichora kutoka wapi?"

Alikausha vidole, akatoa pochi, na ndani yake picha ndogo iliyovunjika kona. Ilionyesha nguzo ya mbao imesimama mbele ya kijumba kilichojengwa juu ya kaburi, na juu ya nguzo amechongwa kambare. Nyuma ya picha palikuwa na mwandiko wa penseli: *Babu yake. Kambare.* Hapakuwa na jina la mtu wala la ziwa. Alieleza kwamba alichukuliwa kutoka kwao akiwa na miaka miwili, akalelewa na wakulima wa kizungu huko kusini, watu wema. Picha hiyo ilikuwa kwenye bahasha moja na karatasi za kumwasili. Ndicho kitu pekee alichopewa cha kwao.

"Nilimwambia kijana achore kama picha ilivyo."

Bi Josette aliishika picha ile kwa muda mrefu. Aliposema, alisema polepole, kama anayemvua mtoto nguo iliyoganda na kidonda.

"Alama ya ukoo hugeuzwa kichwa chini mtu akifa. Ndivyo nguzo inavyosema kwamba mwenyewe ameshaondoka. Mtu aliye hai kambare wake huangalia juu. Wewe umejiandika marehemu, mwanangu."

Douglas aliushusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Halafu akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mpaka akashika ukingo wa meza.

"Basi daktari wangu amechelewa," alisema alipopata pumzi. "Yeye amegundua mwezi uliopita."

Ulikuwa ugonjwa wa mapafu, na umeshaenea. Kule alikoishi hakuwa na mke wala mtoto, na wazee waliomlea walikwisha kufa. Mtu asiye na ndugu wa kumchukua, kaunti humchoma moto, na majivu yake huwekwa kwenye kopo lenye namba. Alikuwa ameliona kabati la makopo hayo, kwa sababu aliwahi kufagia jengo la kaunti.

"Nataka kulala na watu wangu," alisema. "Sijui kama ni nyinyi. Ninachojua ni Kambare tu."

* * *

Orville alirudi adhuhuri, barafu imeshika nyusi zake. Alisikiliza maneno ya shangazi yake akiwa amesimama, maji yakimchuruzika. Aliutazama mkono wa mgeni, akautazama uso wake, kisha akavua glavu moja baada ya nyingine.

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Mimi hamsini na nne. Basi wewe ni mdogo wangu. Hizo buti zako zitakuua kabla ya mapafu. Njoo ujaribu zangu za zamani."

Hivyo tu. Delphine alimvuta mumewe kwenye chumba cha friza.

"Makambare wako wangapi duniani, Orville? Mpaka Kanada wako. Picha hiyo ya kaburi inaweza kuwa ya mahali popote."

"Inaweza."

"Mtu yeyote anaweza kunakili picha."

"Na akaugua kabisa, ili tu ale samaki wetu?" Orville alikung'uta kofia yake. "Baba yangu hakuwahi kumwuliza mtu karatasi mlangoni."

"Baba yako hakuuguza mgeni yeyote mwenyewe. Aliyewauguza ni mama yako, naye hakuulizwa." Aligeuka atoke. "Atalala kwenye kochi. Chumba cha Wendell, hapana."

Wendell alikuwa mtoto wao wa pekee. Miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi, akiwa na miaka kumi na tisa, barafu ilipasuka chini ya pikipiki yake ya theluji. Mlango wa chumba chake ulikuwa haujafunguliwa ila na mama yake.

Kwa hiyo Douglas alilala kwenye kochi, magoti yamekunjwa. Aligeuka mtu wa kazi ndogo ndogo. Alipanga kuni, alirekebisha bawaba ya mlango, alimkatia Bi Josette kucha za miguu bila kuona haya. Bi Josette naye alimfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: huyu unamwita hivi, yule usimkalie karibu, mzee huyu ukimtembelea mpe tumbaku kwanza, ndiyo heshima.

"Na mke wa kaka yako ni shemeji," alimwambia. "Shemeji hutaniwa. Naye akutanie. Usipomtania atadhani umemnunia. Na yeye asipokutania, ujue hajakukubali."

Asubuhi iliyofuata Douglas alijikakamua.

"Shemeji, kahawa yako... ni nzuri sana."

"Huo si utani," Bi Josette alisema. "Hiyo ni barua ya shukrani."

Delphine alipitisha kitambaa juu ya meza. "Nyanyua mkono nifute, Bwana Pruitt," alisema.

Alikuwa akimwita hivyo kila siku, Bwana Pruitt, kwa adabu kabisa, na Bi Josette alikuwa akimtazama kila mara.

Habari za mkono ule zilienea. Pale kituo cha mafuta vijana walimwuliza Delphine, "Marehemu wenu anaendeleaje?" Mwingine akasema amesikia kwamba maiti huyo anamaliza sahani mbili. Delphine alilipia mafuta yake akaondoka. Hakuwa amemkubali mtu yule, na bado aliona aibu kwa niaba yake, jambo lililomkasirisha zaidi.

* * *

Makaburi ya zamani yako juu ya ziwa, mahali maji yanapoula ukingo kidogo kidogo kila masika. Kwa sababu hiyo kamati ya kabila ilikuwa imeyafunga. Walioruhusiwa kuzikwa pale ni wale tu ambao majina yao yamo kwenye orodha, na mtu asiyeandikishwa katika kabila hawezi kuingia humo ila nyumba fulani imwachie mahali pake. Safu ya kina Drift ilikuwa na nafasi mbili tu zilizobaki, moja kila upande wa Wendell. Ya kushoto ya Orville, ya kulia ya Delphine. Bi Josette mahali pake palikuwa kwenye makaburi ya kanisa, kando ya mumewe.

Delphine alizijua hatua kutoka pale pake hadi kwa mwanawe. Zilikuwa mbili. Jioni ya mazishi alikuwa amezipima kwa miguu yake, na katika miaka yote mitatu, alipokuwa amelemewa, alijiambia: mbili tu, Delphine, ngoja.

Katika juma la kwanza la Desemba alikwenda dukani kununua unga na sukari. Katika foleni alikuwepo Rochelle, mtoto wa dada yake, karani wa ile kamati.

"Mama mdogo, pole," Rochelle alisema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Nimeshamwandika yule ndugu yenu. Kwa penseli kwanza. Pale pa baba mdogo."

"Pale pa nani?"

Rochelle alishika mdomo. "Nilidhani unajua. Alikuja Jumatatu. Alisema anamwachia mahali pake."

Foleni ilikuwa na watu watano, na wote watano wakaanza kusoma maandishi ya pakiti walizoshika.

"Si lazima iwe hivyo," Rochelle aliharakisha kusema. "Kamati inataka neno la mume na la mke, mbele ya mashahidi watatu. Usiposema wewe, nafuta. Ni penseli tu, mama mdogo."

Delphine aliirudisha sukari kwenye rafu, akalipia unga. Kwa nini aliirudisha sukari hakujua. Nyumbani alimkuta Orville uani anarekebisha nyavu, akasimama mbele yake na mfuko wa unga kifuani.

"Umempa mahali pako."

"Nimempa."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo sababu mtu huuliza." Aliuhamishia mfuko begani. "Na wewe utalala wapi? Kwa Makorongo? Nitalala mimi na mtoto na mgeni, na wewe uko barabarani?"

"Ni mdogo wangu, Delphine."

"Una mdogo wa wiki tatu. Una mtoto wa miaka kumi na tisa."

Orville aliendelea kuishika sindano ya nyavu bila kuitumia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalichelewa kumjia.

"Alipokuja," alisema hatimaye, "nilifikiria hivi. Wendell naye alikuwa chini ya barafu siku sita. Kama angetokea upande wa pili wa ziwa, kwa watu asiowajua, na hana neno jingine la kusema ila Kambare. Nilitaka wamfungulie."

Delphine aliingia ndani. Hakulia. Alikanda unga kwa nguvu nyingi kuliko ulivyohitaji. Kwenye kochi Douglas alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

* * *

Jumapili Delphine alitoka kwenye misa akaenda kaburini peke yake, kama kawaida yake. Theluji ilikuwa imefika magotini. Hata hivyo njia ilikuwa imeshafunguliwa na nyayo za mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akipumzika mara kwa mara, kwa maana kila hatua kumi palikuwa na alama ya kukaa.

Alimkuta Douglas ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Paa la kijumba cha Wendell lilikuwa limefagiliwa theluji yote. Kwenye kibao kidogo chini ya dirisha lake, pa kuwekea marehemu chakula, palikuwa na kipande cha mkate wa kukaanga, nusu ya ule aliopewa asubuhi. Mbele yake nguzo ilikuwa imesimama, na kambare aliyechongwa na Orville, kichwa chini.

"Nani alikuonyesha huku?"

"Shangazi." Alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. "Alisema mimi ni baba yake mdogo. Nikaona si vizuri baba mdogo asije kusalimia."

"Umekuja mara ngapi?"

"Hii ya tano."

Delphine alitazama mkate. Tangu Douglas afike alikuwa akihesabu moyoni jinsi anavyokula, na siku za karibuni aliona anakula kidogo, akafikiri ni ugonjwa.

"Huwa unamwambia nini?"

"Lugha sijui. Namwambia habari za matrekta. Kule nilikokulia tulikuwa na trekta jekundu, halikuwahi kuwaka siku ya baridi. Vijana wa umri huo hupenda injini." Alikohoa, akafuta mdomo. "Namwambia pia kwamba sikujua ninaye. Ningejua, ningekuja mapema."

Upepo ulipita juu ya ziwa. Douglas aliendelea bila kumtazama.

"Nimewasikia siku ile. Mwambie yule binti afute jina langu. Nilikuja kuomba mahali, sikuja kuwatenganisha. Kopo nalo ni mahali."

Delphine alipiga ishara ya msalaba, halafu akachomoa tumbaku kidogo kwenye kifuko chake, akaiweka mguuni mwa nguzo, kama mama yake na bibi yake walivyofanya, bila kuona ugomvi kati ya jambo moja na jingine. Alisali kimya. Hakuomba mengi. Alimwambia Mungu kwamba hataki kumchukia mtu huyu mbele ya mwanawe, na kwamba kama moyo wake hauwezi zaidi ya hapo, basi Yeye mwenyewe aufanyie kazi.

Kisha alimshika Douglas chini ya kwapa, akamwinua. Alikuwa mwepesi kama mfuko wa makapi ya mpunga. Walirudi wakisimama kila hatua kumi.

Siku hiyo hiyo alifungua chumba cha Wendell. Alitoa mabango ukutani, akayakunja taratibu, akatandika shuka safi. Orville alipita mlangoni, akaona, akaenda zake kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

"Utalala humu," Delphine alimwambia Douglas. "Kochi langu limeshalegea, Bwana Pruitt."

Bi Josette, kwenye kiti chake, alitikisa kichwa kwa lile jina la mwisho.

* * *

Kufikia katikati ya Februari Douglas alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Jumamosi moja, jua kali na baridi ya kukata masikio, Orville alimwita Alvin Kingbird, mzee wa ukoo wa Korongo, ambaye ndiye huwasemea wafu hapa kwetu. Mtu akifa, Alvin hukaa naye, na kwa muda wa siku nne moto ukiwaka humwelekeza njia, na huwaambia walio upande wa pili ni nani anayekuja: jina lake, na ukoo wake. Rochelle naye alikuja, na karatasi ya kamati kwenye jalada.

Wote walijaa katika chumba cha Wendell, Bi Josette akiwa kwenye kiti miguuni pa kitanda. Orville alimpa Alvin tumbaku. Alvin aliipokea, akakaa nayo, akasali kwa muda mrefu katika lugha ambayo Douglas hakuielewa na aliisikiliza kwa mdomo wazi. Alimpa jina. Kwa Kiswahili lingekuwa Aliyewasili.

"Jina sasa lipo," Alvin alisema. "Ukoo upo, nyumba imemshuhudia. Shida yangu ni huo mkono. Nikiwatangazia wale kwamba anakuja, wataangalia mkono na kusema: huyu aliandikwa kafa tangu zamani, siku zote alikuwa wapi? Siku yake ikifika, nguzo itamgeuza kambare. Hiyo ni kazi ya nguzo. Lakini mtu lazima kwanza awe ameishi na kambare anayeangalia juu. Hata kwa saa moja."

"Hatuwezi kuifuta," Orville alisema.

"Hatuwezi."

Mtungi wa oksijeni kando ya kitanda ulivuma. Bi Josette aliuegemea mkongojo wake, akaitazama tatuu ile kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, akitafuta pa kuanzia.

"Kichwa chake kiko upande wa kiganja," alisema. "Mwinueni mkono."

Wengine hawakuelewa mara moja. Douglas alielewa. Aliunyanyua mkono wake wa kulia, ukafika kifuani, ukaanguka juu ya blanketi. Alijaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mkono ulipoanguka mara ya pili aligeuza uso ukutani kwa aibu.

Delphine alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Alipita kati ya Alvin na mumewe, akakaa kitandani, akamkunjia mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Alishika kifundo kile, kilichobaki mfupa, akakiinua polepole mpaka mkono mzima ukasimama wima juu ya kitanda. Kambare alikuwa ameangalia juu. Ndevu zake zilitanda kuelekea kiganja, na jua la dirishani lilikuwa juu yake.

Alvin alivua kofia yake. "Sasa namwona," alisema.

"Mama mdogo," Rochelle alisema kwa upole, kalamu imeshashuka kwenye karatasi. "Inabidi useme mwenyewe. Mashahidi ni mzee Alvin, bibi Josette, na mimi. Unakubali apewe mahali pa baba mdogo?"

"Sikubali," Delphine alisema.

Orville aliinamisha kichwa. Mkono wa Douglas ulilegea kidogo ndani ya mkono wake, naye akaushika vizuri zaidi.

"Mahali pa Orville pabaki pa Orville. Mume wangu amezoea kushoto. Huyu nampa pangu mimi, pa kulia. Andika."

"Delphine," Orville alisema.

"Usinitazame hivyo. Wewe nawe hukuniuliza." Alivuta pumzi, akaendelea kwa Rochelle, lakini sauti yake ilikuwa ya watu wote. "Safu ile ni ya Makambare, na mimi ni Dubu. Wendell atakuwa na baba upande huu na baba upande huu, nani mwingine ana hivyo? Dada zangu wana makaburi yao ng'ambo ya ziwa, watanisogezea. Kutoka kule makaburi ya huku yanaonekana majani yakishapukutika. Nimekwenda kuangalia."

Rochelle alifuta kile cha penseli, akaandika kwa wino. Machozi yalimdondokea kwenye jalada, akayapangusa kwa kiwiko ili yasifike kwenye karatasi. Orville aliweka kiganja chake juu ya bega la mkewe, na hapo kikabaki.

Douglas alikuwa akisogeza midomo. Delphine aliinama.

"Kahawa yako," alinong'ona, akapumzika, akaanza upya. "Kahawa yako ni mbaya sana. Tangu siku ya kwanza. Ni kama maji ya nyavu."

Alvin alikohoa. Bi Josette aligonga mkongojo sakafuni.

"Sasa huo," alisema, "ndio utani."

Delphine alicheka, huku uso wake wote umelowa, na hakuushusha ule mkono. Aliwatazama mashahidi mmoja mmoja: mzee, shangazi, mtoto wa dada yake. Kisha akasema kwa sauti, ili pasiwe na mtu chumbani ambaye baadaye angeweza kudai hakusikia:

"Basi sikilizeni nyote. Siku nne za moto wake nitapika mimi. Na baada ya hapo kila Jumapili, nikiwa na miguu ya kunifikisha, nitakuletea kikombe cha kahawa hiyo hiyo pale pangu, shemeji, nawe utakinywa chote na hutakuwa na pa kulalamika. Naahidi mbele ya hawa."